Chaki ya Muzee wa Pon

Nilimwonea wivu. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyemjua ataanza na wema wake, na mimi sina haraka ya kufika huko. Nilimwonea wivu miaka mitatu, mchana kutwa, tukiwa tumetenganishwa na hatua ishirini za udongo mweusi uliolowa oili. Kama kulikuwa na mtu pale Gisenyi ambaye hakuligundua hilo, basi alikuwa mgeni.

Jina lake silitaji, na hata pale uani hatukulitumia. Aliitwa Muzee wa Pon. Pon ndivyo watu wa Goma na Gisenyi wanavyokiita, kwa Kifaransa chao, kile chuma kizima cha nyuma ya gari kinachobeba magurudumu mawili na difu katikati. Yeye hakugusa injini wala breki. Ukimletea gari linalotoa moshi alikuonyesha upande wangu kwa kidevu: "Ile ya moshi, peleka kwa Tanzania." Tanzania ni mimi. Nilirudi kutoka Mwanza na mke, sanduku la spana, na Kiswahili kilichowafanya mafundi wenzangu wacheke. "We unasema sawa radio," Muzee aliniambia siku ya kwanza. Nikaitwa Radio kwa mwezi mzima, kisha nikapandishwa cheo nikawa Tanzania.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya soko, mahali unaposikia honi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Kila fundi alikuwa na kibanda chake cha mabati na kipande chake cha ardhi. Kibanda changu kilikuwa kipya, kimepakwa rangi ya buluu, na mlangoni nilikuwa nimeandika kila kazi ninayoiweza. Chake hakikuwa na maandishi yoyote. Asubuhi magari yalipita mbele ya maandishi yangu yote yakaenda kuegesha kwake.

Alikuwa na masharubu meusi ti, na nywele nyeupe. Masharubu aliyatia rangi, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Jumapili alikwenda misani na suti ya kijivu, na mkewe, ambaye alikuwa Mwislamu wa upande wa Goma, alimsindikiza mpaka kona na kumrekebisha kola mbele ya watu. Mama yule alikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akamletea mumewe saa sita kwenye sahani iliyofunikwa. Baadaye akaanza kuniletea na mimi. Walikuwa watamu, na nilikula kwa hasira.

Kabla ya kuingia chini ya gari, Muzee alivua saa yake ya mkononi na kukivalisha kioo cha pembeni cha gari la mteja. Saa ikiwa pale, kazi haijaisha. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Siku moja mfanyabiashara mmoja mwenye haraka, akimwona Muzee anakunywa chai, aliingia garini akaondoka na saa ikiwa inaning'inia. Alifika nayo karibu na Ruhengeri. Aliporudi jioni, amejaa aibu na saa mkononi, alimkuta Muzee amekaa palepale kwenye kigoda.

"Kazi haikukwisha, patron," alisema, akatoa boliti mbili mfukoni.

Watu walisimulia kisa hicho wiki nzima. Mimi nilisema kwamba fundi anayeacha boliti mfukoni akaenda kunywa chai si fundi. Nililisema kwa watu watatu, na wote watatu walicheka, lakini hawakumcheka yeye.

Siku zile, mwishoni mwa miaka ya tisini, njia za kupanda kule kwenye volkano zilikuwa zimefunguka tena baada ya vita na watu wamerudi mashambani. Kila mwenye pikapu alitaka kitu kimoja, nacho ni difloki. Gari la kawaida, gurudumu moja la nyuma likikosa pa kushika, difu hupeleka nguvu kwa lile linalozunguka bure, na lile jingine lililosimama pagumu halifanyi kitu. Difloki huyafunga yote mawili yazunguke pamoja, na gari linatoka. Muzee aliiita blocage. Ziko za aina nyingi, naye alizizungumzia kama mtu anavyozungumzia mashemeji zake.

"Ile ya upepo iko muzuri," alisema, "lakini iko na kabomba kadogo. Panya ya shamba itakula kale kabomba, utabaki na bouton ya kubonyeza tu. Ile inajifunga yenyewe, ile haiulizake mutu. Kwa lami yenye maji, mu kona za Ruhengeri, itaamua yenyewe na we utakuwa mu mutaro. Ile ya sahani inataka oili yake. Oili yake utanunua wapi, kwa kanisa?"

Na ile ya kuchomelea, ambayo wenye haraka waliipenda, yaani kuunganisha difu kwa moto wa welding lisifunguke tena maisha, hiyo hakumtajia mteja kabisa. Lori la namna hiyo likigeuka kule mpakani, matairi yanalia yakiburuzwa, na Muzee, akiwa kwenye kigoda na macho kwenye chai, alisema, "Ile bameichoma." Hakukosea hata mara moja. Nilijaribu na mimi kutega sikio. Mara ya kwanza niliposema "Ile wameichomelea," ilikuwa trela tupu yenye breki mbovu, na uwanja mzima ulisikia.

Mimi nilikuwa na katalogi. Ilikuwa ya Kiingereza, yenye picha za rangi, na mimi peke yangu pale uani ndiye niliyeweza kuisoma. Mteja akija nilimfungulia ukurasa baada ya ukurasa. Alipendezwa, alishika karatasi kwa vidole safi, halafu alinyanyuka akaenda kumuuliza Muzee.

Naye Muzee alikuwa na neno moja. "Kwanza tuende kwa njia."

Hakumchagulia mtu difloki kabla ya kutembea kwa miguu kwenye njia ambayo gari litapita. Alitaka kuona mwenyewe mahali linapokwama. Alipanda gari la mteja mpaka pale, akashuka, akatembea na fimbo, akichungulia alama za matairi, akikanyaga tope, akiuliza nani anaendesha na siku ya mvua anapakia kiasi gani. Dereva wa shirika moja la misaada alimletea gari akitaka ile ya upepo, ya bei kubwa kuliko zote. Walikwenda njiani. Muzee alizunguka gari mara moja, akapunguza upepo kwenye matairi manne kwa kijiti cha kiberiti, akamwambia, "Panda sasa." Gari likapanda.

"Haustahili blocage," akamwambia. "Unastahili kupima upepo."

Alikuwa ameikosa kazi kubwa kwa mdomo wake mwenyewe, na nilifurahi sana jioni ile. Wiki iliyofuata magari manne ya lile shirika yalikuwa mbele ya kibanda chake. Mke wangu, ambaye hamsifu mtu kirahisi kwa lugha yoyote, alirudi kutoka sokoni akaniambia, "Yule mzee ana ukweli." Nikakosa hamu ya chakula.

Ukweli! Laiti angemwona anacheza igisoro. Lile bao lenye mashimo alikuwa nalo kibandani, na kila alasiri alicheza na yeyote aliyekaa mbele yake. Aliiba waziwazi. Aliposambaza kete shimo hadi shimo, midomo ikihesabu, kete mbili zilibaki kiganjani, na ukimwambia alikutazama kwa huzuni: "We, petit, unaniita mwizi na hizi mvi zangu?" Petit ni mdogo. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na aliniita hivyo mbele ya wateja wangu. Mtu huyu, ambaye angetembea nusu siku kwenye tope asije akamuuzia mtu kitu asichohitaji, aliniibia kete kila siku kwa miaka mitatu bila aibu.

Sasa nifike kwenye chaki.

Ndani ya difu kuna gurudumu kubwa la meno, tunaliita krauni, na kadogo kanakolisukuma, tunakaita pinioni. Muzee akifungua difu, aliweka alama ya chaki kwenye jino moja la krauni, akaizungusha polepole akihesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, mpaka chaki irudi juu. Wateja walipenda. Walisogea, wengine walihesabu pamoja naye. Trente-neuf, quarante, quarante et un! Nilikuwa nikisema kwamba Muzee anasali rozari. Alipomaliza kelele zile alipitisha kidole nyuma ya krauni, ndani kwenye grisi, akainua uso juu akanyamaza kidogo. Nilidhani anatafuta vumbi la chuma. Halafu alifuta kidole na kusema, "Bon," yaani sawa.

Mama Birayi alikuja mwezi wa pili. Birayi ni viazi, na yeye alikuwa mjane wa Busasamana aliyelima viazi, akanunua vya majirani, na kuvishusha Gisenyi mwenyewe kwa pikapu ya foo-wili, ambayo dereva akitaka inasukumwa na magurudumu yote manne. Wanawake wanaoendesha pikapu kule kwetu walihesabika kwa kidole kimoja. Alivaa buti za mvua hata jua likiwaka, na alipoegesha aliegesha mara moja tu, bila kurudi nyuma na kujaribu tena.

"Papa," alimwambia Muzee, nami nasikia kila neno, "mvua inakuya. Kile kilima mbele ya kwangu, kila mwaka kinanikamata. Mwaka iliyopita birayi ilioza hapo hapo nikiangalia. Nipe blocage."

"Bon. Kwanza tuende kwa njia."

Lakini goti lake lilikuwa limevimba wiki ile. Alimwambia asubiri lishuke. Goti lilichukua siku kumi. Ndipo wakaenda, na aliporudi alisema kuna mahali njia inalalia upande, gurudumu la kulia la nyuma linaning'inia hewani, na kinachofaa ni difloki ya mkono, ile ambayo dereva anavuta mwenyewe akitaka na kuachia akitaka. Itafungwa ndani ya difu lake lilelile, meno yake yaleyale. Itaagizwa Kampala. Wiki tatu, labda nne.

"Papa, mvua haitangoja Kampala," Mama Birayi alisema.

Nikavuka zile hatua ishirini. Sikumbuki kuamua.

"Mama," nikasema, "mimi nitakupatia kabla ya Jumamosi."

Alinitazama kwanza mikono, halafu uso. "Kweli, fundi?"

"Kweli kabisa."

Alimgeukia Muzee. Muzee aliinua mabega. "Tanzania iko na magoti mazima," alisema, akarudi kwenye chai.

Goma nilipata nilichokitafuta siku ya pili: difu zima la pikapu ya aina ileile, limetolewa kwenye gari lililogongwa, na difloki ya mkono imo ndani tayari. Muzee alikuwa amesema ya mkono, na mimi nilileta ya mkono. Hata katika kumshinda nilikuwa namwiga.

Jumamosi niliifunga mbele ya watu. Nilikuwa nimenunua boksi zima la chaki. Niliweka difu la zamani na jipya juu ya meza, ubavu kwa ubavu, nikazungusha krauni ya kwanza nikihesabu kwa Kiswahili changu cha redio, kila neno mpaka mwisho. Arobaini na moja. Ya pili, arobaini na moja. Kuna watu walipiga makofi. Mama Birayi alitabasamu, na ilikuwa mara ya kwanza kuona meno yake.

Nilijua kwamba pinioni nayo ina meno. Si mjinga kiasi hicho. Lakini magari yalikuwa aina moja, krauni zilikuwa sawa, na pinioni ilikuwa imejificha ndani kwenye grisi ambako hakuna mtazamaji angeona kitu.

Muzee alikuwa kwenye kigoda chake, bao mapajani, ananitazama.

"Umehesabu, petit?"

"Nimehesabu, Muzee. Arobaini na moja kwa arobaini na moja."

Alifungua mdomo kama anayetaka kupiga chafya. "Bon," akasema, akaushusha uso kwenye kete. Alishindwa mchezo ule. Mpinzani wake alituambia baadaye kwamba Muzee hakuiba hata mara moja, na tulidhani anaumwa.

Wiki tatu nilitembea mjini kifua mbele. Mama Birayi aliteremsha viazi, alipita uani, alinisalimia mimi kwanza. Wateja wawili wa Muzee walikuja kuuliza kuhusu difu za Goma. Nilimnunulia mke wangu kitenge. Nilikuwa nimesahau jinsi mtu anavyolala usingizi bila kumfikiria mtu mwingine.

Halafu mvua ikaja, Mama Birayi akaweka foo-wili kwa mara ya kwanza tangu kazi yangu. Pinioni yake ya zamani ilikuwa na meno kumi, sawa na ile ya mbele. Ile ya Goma ilikuwa na tisa. Nyuma ya gari ilitaka kuzunguka kwa hesabu moja, mbele kwa hesabu nyingine. Ukiendesha kwa magurudumu ya nyuma peke yake huwezi kujua. Kwenye tope matairi yanateleza na kusamehe. Lakini Mama Birayi alimaliza tope la kilima chake, akaingia kwenye mawe meusi yanayoshika, gari limejaa viazi, foo-wili imefungwa, na kule chini chuma kimoja kikakataa. Transfa, lile sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma, ilipasuka kwa kishindo kilichosikika mpaka mashambani. Pikapu ikarudi kinyumenyume, ikaserereka, ikaegemea ukuta wa mawe wa shamba la watu, viazi vikamwagika bondeni. Walimtoa Mama Birayi kupitia dirishani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Muzee alipopata habari alichukua fimbo akaanza kutembea kuelekea huko, na goti lile. Nilimfuata, tukapata gari njiani. Alipofika kwenye pikapu alivua saa, akatafuta kioo cha pembeni, na kioo hakikuwepo, kimevunjika. Akanipa mimi saa ile. "Shika," alisema, akalala kwenye tope chini ya gari. Alikaa kule muda mrefu. Alipotoka hakunitazama.

Tulimkuta Mama Birayi nyumbani kwake, mkono umefungwa kwa vijiti, uso umekuwa mdogo. Aliniangalia mimi, na nilijua anataka kuuliza nini. Muzee alikaa kando ya mkeka wake.

"Chuma ya Goma ilikuwa imechoka, mama," akasema. "Inatokeaka. Huyu hana kosa."

"Kama ni we unasema, Papa," alijibu, akafumba macho.

Alimwamini kwa sababu ni yeye aliyesema. Na hata pale, mbele ya mkono ule, nilimwonea wivu. Aliweza kunisamehe mbele ya watu, bila jasho, kwa sentensi tatu, na mimi sikuweza hata kusema pole. Siku zile nilimchukia kuliko wakati wowote.

Difloki ya Kampala, ambayo Muzee aliiagiza baada ya ajali, ilipofika, tuliifunga ndani ya difu la zamani la Mama Birayi, kazi ya bure, mimi na Muzee. Alisogeza lile difu la Goma mbele yangu.

"Weka kidole. Hapana, nyuma ya couronne. Funga mudomo. Zungusha."

Nikahisi jino moja moja likipita kwenye ncha ya kidole, kwenye grisi baridi. Tisa. Nikaweka kidole kwenye lile la zamani. Kumi. Miaka mitatu nilikuwa nimemtazama akifanya hivyo na kumcheka.

"Ile ya kelele ni ya bakiriya," alisema, yaani wateja. "Banapendaka kuona."

Mwaka uliofuata macho yake yalianza kuingia ukungu, akaacha kuja. Kibanda chake kilifungwa. Magari yakaja kwangu, yote, na nikawa naenda kwanza njiani, na fimbo, nikiuliza nani anaendesha. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na kila asubuhi nilijikuta nakitazama kile kibanda kilichofungwa. Mama Birayi alinunua pikapu ya pili. Mkono wake haukunyooka tena. Gia alibadilisha kwa wa kulia, usukani aliushika kwa kiwiko. Aliniletea gari jipya, akanieleza njia, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bon, fundi," alisema. "Lakini nenda muulize Papa kwanza."

Basi nikaenda, moyo ukinichoma. Alikaa mbele ya nyumba yake pale Rubavu, alasiri yenye jua, bao mapajani, masharubu meusi kama kawaida. Mkewe alinipa sahani ya sambaza. Nilimweleza Muzee habari za pikapu ya pili, naye aliitikia tu, vidole vikitafuta mashimo ya bao.

"Ile siku ya chaki," alisema ghafla, "niliona."

"Uliona nini, Muzee?"

"Niliona haukuweka kidole."

Sahani ilikuwa mkononi mwangu. Niliiweka chini.

"Mbona hukusema?"

"Wivu," alisema. Alilitaja neno kama anavyotaja jina la kifaa. "Yule mama alikuwa mukiriya yangu. Akaniacha juu ya goti. We magoti yako iko mazima, unasoma kitabu ya Kingereza, unaenda Goma unarudi siku moja. Batu banakupigia makofi. Nikasema, acha chuma imufundishe huyu. Nilifikiri itavunjika hapa hapa, mu kona ya soko, upate haya kidogo, tucheke. Sikufikiri kilima. Mi natembeaka njia ya batu bote, siku ile sikufikiri njia."

Nitasema ukweli: kilichonijia kwanza ni furaha. Miaka mitatu nilikuwa nahesabu wateja wake, na kumbe yeye alikuwa akiyahesabu magoti yangu. Nilitamani mke wangu awepo asikie. Furaha ile ilidumu mpaka nilipokumbuka kiwiko cha Mama Birayi kwenye usukani.

"Mama anajua?"

"Anajua chuma ya Goma."

"Lazima aambiwe, Muzee."

"Lazima," alisema.

"Nitakwenda mimi kesho asubuhi. Kosa la kwanza ni langu."

"Mm," akajibu, akasambaza kete. Hata na ukungu ule machoni, mbili zilibaki kiganjani. Nilinyoosha mkono.

"Muzee, rudisha."

Alicheka mpaka akakohoa, akazirudisha.

Kesho yake niliamka mapema, nikapanda pikipiki mpaka Busasamana, njia nzima nikipanga maneno. Nilitaka kuwa wa kwanza. Nilitaka, kwa mara moja tu maishani, Mama Birayi alisikie jambo la kweli kutoka kwangu kabla ya kulisikia kwa Muzee. Nilipofika uani kwake, pikapu mpya ilikuwa imeegeshwa mbele ya nyumba, na kwenye kioo chake cha kushoto ilikuwa inaning'inia saa ninayoijua.

Muzee alikuwa amekaa kwenye benchi, fimbo kati ya miguu, tope mpaka magotini. Sijui ni pikipiki gani ilimbeba, wala alianza safari saa ngapi na macho yale. Mama Birayi alikaa upande wa pili, mkono wake mbovu umelala mapajani. Uso wake ulikuwa mgumu, macho yamelowa.

Nikamwonea wivu, hata pale.

"Papa amenieleza yake," Mama Birayi alisema. "Nimemuuliza na ya fundi. Anasema haiko yake ya kueleza."

Muzee aligeuza uso kwenye sauti ya hatua zangu, hakunipungia mkono wala kusema petit. Nilivua saa yangu, nikaitundika kwenye kioo cha kulia, nikakaa mbele ya yule mama, nikaanza na yale meno tisa.